Ziara ya shule ya ufundi Japani: anza na soksi

Dada, umeuliza ujiandaeje kwa ziara ya sekondari ya ufundi Japani, asubuhi karakana mchana sherehe ya chai. Kwanza soksi, safi na zisizotoboka, maana viatu vinavuliwa mlangoni unapewa slipa za ndani, na ukifika kwenye mikeka ya tatami hata hizo slipa unaziacha nje. Karakana funga nywele, usiguse mashine kabla hujaambiwa. Kwenye chai sasa, vua saa na pete zisikwaruze bakuli, maliza kwanza kile kitamu walichokupa ndo unywe matcha (chai ya kijani ya unga), na bakuli unalizungusha kidogo kufuata mshale wa saa ili usinywee upande wa mbele wenye urembo. Hapo kwenye chai mnapiga magoti na kukalia visigino, na muda ukiwa mrefu miguu inakufa ganzi kweli, ikizidi omba tu ukae vingine, hawakasiriki. Na tafadhali waulize wanafunzi wanatengeneza nini, wao ndo ziara yenyewe.