Dadu ziko ndani ya valizi, wa kucheza naye sina

SWALI
Yaya jambo. Niko kijana wa miaka 27, nilitoka Bukavu nikakuja Lubumbashi kwa ajili ya kazi, sasa ni miezi minane. Kule kwetu Kadutu tulikuwa wanne, mimi na binamu zangu wawili na jirani, kila Jumapili tunacheza jederoli, ule mchezo wa mezani ambapo mmoja anaongoza hadithi na wengine kila mtu anakuwa mtu fulani ndani yake, unasema utafanya nini halafu dadu njo inaamua kama umefaulu. Huku sina hata mmoja. Kwa biro watu ni wazuri lakini saa kumi ikifika kila mtu na pikipiki yake, nyumbani. Nikifungua mdomo wanacheka Swahili yangu ya Kivu, basi nimejifunza kunyamaza. Mama mwenye parsele nilimweleza huo mchezo, akauliza kama si mambo ya uchawi. Nitapata wapi wachezaji, na kweli mchezo unaweza kunipa marafiki ao najidanganya?
Mwenye dadu, Katuba

JIBU
Mdogo wangu, jambo sana. Na mimi nilikuja mji huu sijui mtu, najua vile Jumapili saa nane inaweza kuwa ndefu kama safari ya treni ya Ilebo.

Hujidanganyi. Kosa lako ni moja tu, unatafuta wachezaji. Acha hao, tafuta watu wenye kupenda masolo, kupiga hadithi. Yule wa biro asiyeweza kukusimulia alivyogombana ndani ya taksibasi bila kuigiza sauti za wote, yule wa korali anayemwiga mchungaji mpaka watu wanashika mbavu, yule muuza inite za telefone wa pale kona anayejua habari za kila parsele, hao njo wachezaji wako ila bado hawajajua. Watatu wanatosha. Wakiwa sita kwa mara ya kwanza kila mtu atangoja zamu yake huku ameshika telefone.

Utaniuliza kwa nini mchezo na si bia tu. Kwenye bia mgeni anabebeshwa kazi ya kujieleza, umetoka wapi, umeoa, kwenu kukoje, dakika kumi na tano yameisha yote na sasa mnatazama televizyo. Kwenye meza yako mna shida moja wote, daraja limekatika na watu wabaya wanakuja nyuma, hakuna wa kukuuliza kwenu ni wapi, anakuuliza "wee, una kamba?" Na ukimwokoa mtu kwa kamba ambayo haipo, Jumatatu kwa biro yeye njo ataanza kukusalimia.

Mchezo wenyewe uliojulikana kuliko yote, Dungeons & Dragons, Wamarekani wawili Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa 1974, na umejaa mapango na madragoni. Mimi siku ya kwanza nisingeleta dragoni Katuba. Leta hii: lori limekwama usiku kwenye barabara ya Kasumbalesa, ile ya mpaka wa Zambia, shofa haonekani, na ndani ya kontena kuna kitu kinagonga. Hapo hakuna mtu wa Lubumbashi asiyejua afanye nini, watakatana maneno! Kanuni za msingi za huo mchezo wenyewe waliziachia bure 2023, na Kifaransa zipo, lakini usije ukawagawia watu makaratasi yote hayo, utawakimbiza. Siku hiyo kanuni moja: dadu ya pande 20, kuanzia 11 umefaulu, ni nusu kwa nusu, na kama jambo ni gumu dai 16, hapo inabaki robo. Ukipoteza dadu andika namba 1 mpaka 20 kwenye vikaratasi ndani ya kopo, ila kila kinachotolewa kirudishwe, la sivyo ile nusu kwa nusu itaharibika.

Hadithi iishe siku ileile, masaa mawili na nusu hivi. Usiombe watu ahadi ya mwaka mzima, waulize tu kabla hawajavaa viatu, "Jumapili ile ingine?" Maana urafiki uko kwenye kule kurudi, mara ya tatu, ya nne, hata kama siku ya kwanza haikuwa tamu sana. Jumamosi usiiguse, ni ya ndoa na matanga. Jumapili saa tisa baada ya kanisa, mmalize kabla ya giza, na siku timu ya Mazembe wanacheza pale Kamalondo hakuna dadu itakayokusaidia.

Kitu ambacho usikiruke: kabla ya kuanza uliza kila mmoja nini hataki kiingie kwenye hadithi. Watu waliotoka upande wenu wamebeba mambo, na huku pia wapo, wanacheka tu vizuri. Mtu asije kula karanga zako Jumapili halafu ashtukizwe na bunduki. Akisema hataki, usimuulize sababu.

Mama wa parsele usimcheke. Hata Marekani, miaka ya 1980, wako wazazi na wachungaji waliosema mchezo huu ni ushetani. Usibishane naye, chezeni kwenye baraza ambako anawaona, na giza likiwakuta umeme umekatika washeni taa ya telefone, mshumaa hapana, utaniletea kesi. Halafu mwombe ndani ya hadithi awe afisa wa duane, wa forodha, pale mpakani. Mama anayedai lwaye, kodi ya nyumba, kila mwezi hiyo kazi ataiweza.

Na Swahili yako, sasa. Mwenye kuongoza njo anaongea kwa niaba ya kila mtu wanayekutana naye ndani ya hadithi. Basi huyo shofa wakimpata awe mtu wa Bukavu, aongee kama unavyoongea na mama yako kwa telefone, aulize sambaza ziko wapi. Watacheka ndiyo, lakini ni wewe umewachekesha.

Mmoja hatarudi, pengine wawili. Mwandikie mara moja, basi, halafu mwambie aliyerudi alete mtu wake. Kiti kikibaki wazi niko Kamalondo, si mbali, ila ile sauti ya ndani ya kontena niachie mimi.