Maswali ya Wasomaji: Kupanda Milima ya Pugu

SWALI: Mhariri, naishi Tabata, Dar es Salaam, na nataka kutembea milimani bila kusafiri mbali. Je, Pugu panafaa, au ni vichaka tu?

JIBU: Ndugu msomaji, panafaa sana, na pana historia nzito. Misheni ya Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, ilishambuliwa hapo Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani; na Mwalimu Nyerere alifundisha katika shule ya Pugu hadi alipojiuzulu mwaka 1955 ili akitumikie chama cha TANU.

Milima hiyo si mirefu, lakini usiidharau, kwa kuwa joto la Pwani huchosha kuliko mwinuko wenyewe, na karibu na machimbo ya kaolini udongo mweupe huteleza vibaya ukilowa, kiasi kwamba viatu vya soli laini havifai kabisa. Epuka masika, anza alfajiri, na ubebe maji ya kutosha.

Msitu umehifadhiwa, hivyo lipia kiingilio na uchukue mwongozaji wa TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania). Mapangoni wamo popo wengi; naomba sana usiwamulike wala kuwapigia kelele.