Maswali yenu kuhusu EVE Online: intaneti, mzigo uliopotea na mikutano ya usiku

Barua nyingi safari hii ni za gemu moja, EVE Online, ile ya vyombo vya anga ya CCP wa Reykjavik, Aisilandi, iliyoanza Mei 2003. Kwa asiyeijua: ukiwaacha Wachina wenye seva yao, wachezaji wote wamo katika ulimwengu mmoja wenye mifumo ya nyota zaidi ya 7,000, na karibu kila chombo kinachouzwa humo kimeundwa na mchezaji mwenzako.

Nakaa Jang'ombe, natumia bando la simu, na umeme unakatika ovyo. Nitaweza kweli, au nitakuwa wa kupigwa tu?

Utapigwa, lakini si kwa sababu ya intaneti. Seva iko London na inahesabu matukio kwa zamu za sekunde moja moja. Ukitoa amri ya kufyatua, amri yako inangoja zamu inayofuata, sawa na ya Mwingereza anayekaa mtaa wa pili na seva. Kule kuchelewa kunakotuua kwenye gemu za mpira na bunduki, humu hakuna nguvu. Bando nalo haliliwi sana ukishaingia. Linaloliwa ni la kupakua gemu yenyewe, basi ipakue kwa jamaa mwenye faiba.

Umeme ni hadithi nyengine. Ukikatika uko safarini tu, chombo hujaribu kukimbia chenyewe na baada ya muda mfupi kinatoweka salama. Ukikatika umeshaanza kupigana na wachezaji, kinaweza kubaki pale mpaka dakika 15 kikingoja kuchinjwa, na CCP hawakurudishii kitu eti kwa sababu Unguja kulikuwa giza. Laptopu yenye betri nzima na hotspoti ya simu zinatosha kukufikisha stesheni. La kufurahisha ni kwamba ujuzi wa rubani wako unasomwa kwa saa za kawaida, uwemo usiwemo. Mtaa mzima umelala gizani, yeye anaendelea na darsa.

Nilikuwa nahamisha mali yangu yote kwenda Jita, soko kuu la humo, tena katika eneo la ulinzi. Nikakiacha chombo kijiendeshe, nikaenda kuswali Isha. Narudi, nimo ndani ya kapsuli, kile kichombo cha kujiokolea, mzigo hakuna. Polisi wa CONCORD walikuwa wapi? (Mchezaji, Mwanakwerekwe)

Walikuja. Kazi yao ndiyo hiyo, kuja baadaye. CONCORD humlipua aliyekushambulia, lakini hawakuokoi wewe, na wezi wanalijua hilo kabla hawajatoka nyumbani. Wanakuja wengi na vyombo vya bei rahisi ambavyo wameshavihesabu kuwa vimekufa. Hesabu yao ni moja: je, watakuvunja katika zile sekunde chache kabla polisi hawajatua? Kwenye mfumo wenye alama ya ulinzi 0.5 sekunde hizo ni nyingi kuliko kwenye 1.0, ndiyo maana wanavizia huko. Bila shaka kuna mmoja aliyekupekua lango moja nyuma (lango ndilo la kuvukia mfumo mmoja wa nyota kwenda mwengine), akawatajia wenzake thamani ya ulichobeba. Ulipovunjika, takriban nusu ya mzigo ilibaki ikielea na mwenzao aliyekaa pembeni akaizoa. Bima, kama uliikata, inalipa chombo kitupu. Mzigo na vifaa ulivyovifunga ndani ni hasara yako.

Kilichokuponza khasa ni kule kujiendesha. Kinakushusha mbali na lango kisha kinakukokota taratibu hadi ulifikie, na hivyo hivyo kila lango. Ukikishika mwenyewe unatua mlangoni na kuruka. Basi Isha yako iswali kwa utulivu, chombo kikiwa kimefungwa stesheni. Mzigo ugawe safari kadhaa, au uweke kontrakti: wako wachezaji ambao maisha yao humo ni uchukuzi, na unaweza kudai waweke dhamana ya thamani ya mali kabla hawajaigusa.

Najua inauma. Lakini bila ya huyo mwizi mimi nisingeicheza gemu hii. Soko la Jita lina uhai kwa sababu vyombo vinavunjika kila saa na watu wanataka vyengine. Ingekuwa havivunjiki, ndani ya miaka miwili kila mtu angekuwa nacho, na wewe na mzigo wako hamna mnunuzi.

Kuna kijana ananiuzia ISK, ile pesa ya gemu, kwa pesa za simu. Bei nzuri sana. Nichukue?

Usichukue. Utapeli wa wachezaji ndani ya gemu unaruhusiwa, lakini kununua ISK kwa pesa za mtaani hakuruhusiwi, na akaunti itafungiwa ya kwako. Njia halali ni PLEX, bidhaa ya gemu yenyewe: unainunua kwa CCP kwa pesa halisi, unaiuza humo humo sokoni upate ISK.

Nina simu tu, sina kompyuta.

Ipo EVE Echoes, ya mwaka 2020. Ni ulimwengu wake peke yake. Hutakutana humo na hao wa Jita.

Mwanangu yuko skuli, anaamka saa tisa usiku kwa sababu "ana mkutano". Na juzi kaniomba dola 20. Mkutano gani huo? (Mama, Wete)

Shikamoo mama. Mkutano upo kweli. Humo watu hujiunga katika kampuni, na kampuni katika miungano (si ule wa siasa), na vita hupangiwa saa. Saa tisa usiku kwetu Marekani ndiyo kwanza jioni. Mwezi wa Ramadhani, saa za daku, anaweza kupigana nao bila kumuudhi mtu. Siku za skuli, hapana. Mwambie atafute kampuni ya Wazungu wa Ulaya: wao hukusanyika kuanzia saa tatu usiku, na saa tano anaweza kuwa kitandani. Kuna kampuni za kila saa, hana udhuru.

Hizo dola ni ada ya mwezi. Tangu Novemba 2016 inachezwa bure pia, kwa mipaka ya vyombo na ujuzi. Mwache aanzie hapo.

Nimeingia vita kubwa, nimekaa saa nne, sikufyatua hata mara kumi. Raha iko wapi? (Chake Chake)

Haipo, ndugu yangu, na wanaokwambia ipo wanakusimulia baada ya kulala. Watu wakizidi, seva hupunguza mwendo wa wakati hadi asilimia 10, yaani sekunde moja ya gemu inakula kumi zako. Vita vya B-R5RB vya Januari 2014 vilianza kwa malipo ya kumiliki mfumo mmoja wa nyota yaliyokosa kulipwa. Vikachukua saa 21 hivi na kuteketeza vyombo vikubwa kabisa, Titan, 75. Kuvisoma ni kutamu, kuvipigana ni foleni.

Muulize kiongozi wa kampuni yako nani anatoka doria ya watu watano au sita. Nenda nao na chombo cha bei rahisi, na usisahau kwamba saa nane mchana seva inazimwa kila siku.