Nyota za Ukutani Zimegoma

SWALI: Binti yangu ana miaka 4. Nilichora chati kwenye manila nikaandika mambo sita: asipigane na mdogo wake, amalize chakula, apige mswaki, avae haraka, asilie akiamshwa, awe na adabu. Akifanya moja nambandikia nyota; akifikisha nyota 20 tunampeleka kuogelea, akikosea nabandua moja. Wiki ya kwanza alijitahidi. Sasa haitazami kabisa, na nikimtuma kitu ananiuliza, "Utanipa nini?" Nimekosea wapi?
Mama Wawili, Mbagala

JIBU: Chati umeitwisha mzigo mkubwa, mama. Mambo sita kwa mtoto wa miaka 4 ni mengi. Chagua moja, yakizidi mawili. Liwe jambo la kuonekana kwa macho, lenye mwanzo na mwisho. "Adabu" haipimiki: wewe utasema hakuwa nayo, yeye atasema alikuwa nayo, mtaishia kugombania nyota. "Asipigane" nayo inamwambia cha kuacha tu, haimwambii afanye nini mdogo wake anapomnyang'anya mdoli. Badala yake weka "naomba kwanza" au "namwita mama". Hajui kusoma, kwa hiyo chora picha.

Nyota 20 ndizo zilizomchosha. Akipata mbili kwa siku, kuogelea kuko mbali siku 10, na kwa umri wake hiyo ni sawa na mwakani. Anza na nyota 3, zawadi aipate siku ileile au kesho yake, kisha panda hadi 5. Zawadi isiwe ya dukani: achague hadithi ya kulala, akande donge lake mnapopika chapati, acheze nje dakika 10 zaidi.

Nyota abandike mwenyewe, palepale, huku ukitaja alichofanya: "Umesugua mpaka meno ya nyuma." Ukingoja baba arudi jioni, keshasahau ilikuwa ya nini. Wengine huacha manila wakatumia visoda ndani ya kopo linaloonyesha, lenye mstari wa makapeni. Mlio wa kisoda kikidondoka mtoto haubishii. Kopo likae juu tu, maana mdogo wake anaweza kukimeza.

Kubandua acha leo. Nyota aliyoipata ni ya kazi iliyokwisha. Akijua inaweza kunyang'anywa, haoni sababu ya kuitafuta. Akishindwa, hapati, basi, bila hotuba.

Sasa hilo la "utanipa nini". Mara nyingi huja pale tunapolipia mambo ambayo mtoto alikuwa akiyafanya kwa raha zake. Mwaka 1973 huko Marekani, watafiti Lepper, Greene na Nisbett walichukua watoto wa chekechea waliopenda kuchora, baadhi wakaahidiwa cheti wakichora. Wiki moja hadi mbili baadaye, walioahidiwa walichora muda mfupi kuliko wenzao. Basi kama kula anakula vizuri, kitoe kwenye chati. Na pipi anayoahidiwa akiwa tayari anagaragara dukani si zawadi, ni hongo. Hapo anajifunza kugaragara.

Dada wa kazi na bibi wajue sheria ileile. Bibi hasa, maana atagawa nyota kwa sababu mjukuu kacheka vizuri.

Akishazoea, nyota ikija karibu kila mara kwa wiki mbili hivi, dai siku mbili mfululizo kwa nyota moja, halafu ibandue chati yote. Sifa za mdomo ziendelee.

SWALI: Mwanangu wa miaka 5 bado anakojoa kitandani. Nimpe nyota akiamka mkavu?
Baba, Tanga

JIBU: Usimpe. Amelala, hajui, na nyota asiyoweza kuitafuta itamwongezea aibu tu. Mpe kwa yaliyo mikononi mwake: kwenda chooni kabla ya kulala, kusema shuka limelowa, kusaidia kulitoa. Umri huo bado ni jambo la kawaida. Ila kama alikuwa mkavu miezi 6 ndipo akaanza tena, au anaumia akikojoa, au anakunywa maji kupita kawaida, mpeleke zahanati.