Maswali ya Wasomaji: Muuguzi Anapoitafuta Shahada ya Uzamifu

Mimi ni mkunga, na shahada ya uzamili ninayo. Nataka kufanya uzamifu (PhD) kuhusu akina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua. Nianzie wapi, na kibali kipi kinatangulia?
*Mkunga, Kakamega*

Dada mkunga, anza kwa kuipunguza mada. Ulichotaja ni uwanja mzima. Swali bado hujaliuliza, na mengi ya uwanja huo yamekwisha kujibiwa. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa wanawake zaidi ya 210,000. Damu ilipimwa kwa mfuko wa plastiki wenye mistari ya mililita unaotandikwa chini ya mama. Ilipofika kiwango cha hatari, tiba zilitolewa zote kwa pamoja: kukanda mji wa mimba, dawa ya kuukaza, asidi ya traneksamiki (dawa ya kuzuia damu isivuje), maji ya mshipa, kisha kutafuta damu inatoka wapi. Madhara makubwa ya kuvuja damu yalipungua kwa asilimia 60.

Basi ukipendekeza kupima tena kama mfuko huo unafaa, wakaguzi watakuuliza unaongeza nini. Kilichobaki kiko wodini kwako. Saa tisa usiku mkunga yuko peke yake, mama wa pili anasukuma, na mama wa kwanza ana mfuko chini yake wenye damu tayari, lakini chati yake haina namba hata moja. Kwa nini haikusomwa? Ni idadi ya wakunga, ni mafunzo, ni woga wa kumwita daktari, au ni jinsi chati yenyewe ilivyopangwa? Hapo pana tasnifu, tena tasnifu ya uuguzi hasa.

Kuhusu vibali, ufuate mpangilio huu bila kuruka. Tetea pendekezo idarani, lipite kwenye kitengo cha masomo ya uzamili na uzamifu, kisha lipeleke kwa kamati ya maadili iliyoidhinishwa. Kwa upande wetu kamati hizo ziko vyuo vikuu vya Masinde Muliro na Maseno, hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga (JOOTRH) mjini Kisumu, na Eldoret kwa Chuo Kikuu cha Moi na hospitali yake. Ukishapata barua yao ndipo unaomba mtandaoni leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, kisha ruhusa ya idara ya afya ya kaunti na ya hospitali yenyewe. Wengi huharibikiwa hapa: msimamizi wa wodi anawafahamu, wanaanza kugawa hojaji huku barua ya maadili ikisubiriwa. Kamati haiidhinishi kazi iliyokwisha kuanzwa. Data hiyo hutaitumia, hata iwe nzuri namna gani. Tena idhini huwa ya mwaka mmoja, kwa hiyo omba kuiongeza kabla haijaisha.

Fomu ya ridhaa nayo isiwe ya Kiingereza kitupu. Mtu mmoja aitafsiri kwa Kiswahili au Kiluhya, mwingine asiyeiona ya kwanza airudishe kwa Kiingereza, mlinganishe. Kwa mama asiyesoma, asomewe mbele ya shahidi asiye wa timu yako, naye atie kidole gumba. Wala usimwombe ridhaa akiwa katikati ya uchungu. Mwone kliniki kabla hajafika siku zake.

Natafiti uchovu wa kazi kwa wauguzi 600 wa hospitali 12. Niliandika sampuli ya 384 na jopo likaikataa. Kosa liko wapi?
*Mwanafunzi wa uzamifu, Kisumu*

Hiyo 384 imenakiliwa katika tasnifu nyingi bila kuulizwa imetoka wapi. Inatokana na 1.96 kipeo cha pili, mara 0.5, mara 0.5, ugawe kwa 0.05 kipeo cha pili. Yaani unakadiria asilimia moja tu, katika umma (jumla ya watu unaowatafiti) mkubwa, kwa watu waliochaguliwa mmoja mmoja bila makundi. Wewe una watu 600, na wako katika makundi.

Wauguzi wa hospitali moja hufanana: zamu zao ni zilezile, bosi ni yuleyule. Tuseme utachukua 30 kila hospitali, na tafiti zilizotangulia zinaonyesha mfanano wa ndani ya kundi wa 0.03. Zidisha 29, yaani 30 kutoa 1, kwa 0.03, ongeza 1, upate 1.87. Mara 384 ni kama 719, kwani kila hatua tunapandisha hadi namba kamili ya juu. Sasa punguza kwa sababu umma ni mdogo: 719 ugawe kwa 1 jumlisha 719/600, upate 328. Ukitarajia mmoja kati ya kumi asijibu, gawa kwa 0.9: utafute wauguzi 365.

Ila kama lengo lako ni kulinganisha, mathalani wa zamu ya usiku na wa mchana, kanuni hii yote haikufai. Hapo unahitaji ukubwa wa tofauti unayoitafuta na uwezo wa kuigundua, kwa kawaida asilimia 80. Mwone mtakwimu kabla ya kutetea pendekezo. Ukimwendea na data mkononi, hana cha kukurekebishia.

Nimeona chuo cha Marekani kinatangaza shahada ya DNP (Doctor of Nursing Practice) kwa mtandao. Ni sawa na PhD?
*Muuguzi, Nakuru*

Zote ni za udaktari, lakini kazi zake ni mbili. DNP, ambayo vyuo vya uuguzi vya Marekani viliiunga mkono kwa kura mwaka 2004, humwandaa muuguzi kuboresha huduma. Mwishoni hufanya mradi wa kutumia maarifa yaliyopo. PhD hudai maarifa mapya na tasnifu. Ukitaka kufundisha chuo kikuu na kusimamia watafiti, PhD ndiyo njia. Ukiamua DNP, kabla hujalipa hata shilingi, pata kwa maandishi kutoka mamlaka za Kenya kwamba shahada hiyo ya chuo hicho, kwa njia hiyo ya mtandao, itatambuliwa hapa. Mwulize pia mwajiri wako wa kaunti kama ataihesabu wakati wa kupandishwa cheo, naye akujibu kwa barua.