Ofisi ya Diwani Inaanza na Daftari

Nimepokea ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Dar es Salaam. Diwani wa kata yake ameingia madarakani kwa mara ya kwanza, naye amemwomba akae ofisini amsaidie kupokea watu. Mshahara hakuna. Meza ipo, na benchi la kusubiria linajaa kabla ya saa 2 asubuhi. Anauliza aanzie wapi.

Mdogo wangu, anza na daftari. Nunua kaunta buku nene, ile ya kwaya tatu, pamoja na rula, kalamu ya bluu na kalamu nyekundu. Kurasa mbili zinazotazamana zipige mistari kama ukurasa mmoja mpana wenye safu tisa: namba, tarehe, jina, simu, mtaa na alama ya karibu, shida kwa sentensi moja, ofisi ilikopelekwa pamoja na tarehe ya barua, jibu lililorudi, na tarehe mwananchi alipojulishwa. Ile safu ya tisa ndiyo inayotenganisha ofisi ya diwani na kijiwe cha kupokelea malalamiko. Fungua daftari la ofisi iliyolegea utaikuta safu hiyo ni tupu kuanzia ukurasa wa kwanza, kama iliwahi kuchorwa.

Namba zianze 1 kila Julai 1, mwaka wa fedha unapoanza, ziende mfululizo hadi Juni 30. Ukifuata Januari hadi Desemba, taarifa zako hazitaoana na za halmashauri, na kila robo mwaka utajikuta unahesabu upya. Kila anayefika mpe kikaratasi chenye namba yake na tarehe. Kwenye safu ya mtaa, omba namba ya nyumba iliyobandikwa wakati wa zoezi la anwani za makazi la 2022, halafu ongeza alama anayoijua mtu wa bodaboda: nyuma ya msikiti, mkabala na kisima, kona ya duka la mkaa. Fundi atakayetumwa siku moja ataitegemea alama kuliko namba.

Kisha jifunze milango, kwa sababu shida nyingi zinazofika kwa diwani haziishii kwake. Barabara za mitaa, pamoja na mitaro na makalavati yake, ziko chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, tangu 2017. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Maji safi na majitaka kwa Dar es Salaam ni DAWASA, nguzo ya umeme iliyolala ni TANESCO. Taka, masoko, shule, zahanati na vibali vya ujenzi ndiyo mambo ya halmashauri yenyewe, na hapo ndipo diwani ana sauti ya moja kwa moja kwenye kamati. Barua ya utambulisho ya mkazi inatoka serikali ya mtaa. Ukimwandikia Mkurugenzi wa halmashauri barua ya kisima cha DAWASA, haitakataliwa. Itapokelewa, itagongwa muhuri, itazunguka madawati, na baada ya wiki kadhaa itatumwa kule ambako wewe ungeipeleka siku ile ile.

Migogoro ya ardhi iwekee uangalifu wa pekee. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Baraza la Kata halitoi uamuzi wa nani mwenye kiwanja. Linasuluhisha, na usuluhishi ukishindikana linatoa cheti cha kwendea Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya; siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaweza kwenda huko hata bila cheti. Kwa hiyo mtu akija na mpaka wa kiwanja, mwandike, mwelekeze, basi. Diwani asiketi kuamua mpaka, na asiweke saini kwenye karatasi ya mauziano kama shahidi wa ofisi. Kiwanja kilichouzwa mara mbili kikifika kwenye baraza, saini hiyo ndiyo itakayomwita kizimbani.

Sasa barua. Hapa ndipo mambo ya watu yanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua mfano wa kalavati lililoziba. Barua mbaya inasema: barabara ya mtaa wetu ni mbovu sana, wananchi wanateseka, tunaomba msaada wa haraka. Mhandisi akiisoma hajui aende wapi, abebe nini, wala kazi ni ya siku ngapi. Barua nzuri inaanza na kichwa cha habari kimoja kilichopigiwa mstari: YAH: KUZIBA KWA KALAVATI, MTAA FULANI, KATA FULANI. Aya ya kwanza inataja mahali, kwa jina la barabara na alama mbili, moja kila upande. Aya ya pili ni vipimo. Nenda na futi ya fundi, upime: bomba lina kipenyo cha sentimita 60, tope limejaa hadi sentimita 45, mtaro umefukiwa kwa mita 38 upande wa juu, maji yanaingia kwenye nyumba 11. Aya ya tatu inaeleza chanzo unachokiona kwa macho: mchanga unaoshuka kutoka barabara ya vumbi, au kifusi kilichomwagwa na mwenye nyumba anayejenga. Aya ya nne ni ombi moja: kuzibuliwa kabla ya tarehe fulani. Weka picha mbili. Moja ipigwe futi ikiwa imesimamishwa ndani ya tope namba zikisomeka, nyingine ipigwe kutoka mbali ionyeshe nyumba na mtaro pamoja.

Jambo moja, barua moja. Ukiweka kalavati, taa ya barabarani na dampo kwenye karatasi moja, masjala, yaani chumba kinachopokea barua na kutunza mafaili, itaipeleka kwa dawati la jambo la kwanza, na mengine mawili yatafia kwenye faili hilo hilo bila mtu kuyagusa. Wala si kwa ubaya. Faili haligawanyiki.

Chapa nakala mbili. Moja wanabaki nayo, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, unarudi nayo. Usikubali kumkabidhi mhandisi mkononi kwa kuwa mmekutana njiani na amekuahidi kulishughulikia. Barua isiyopita masjala haipo. Mhandisi akipata uhamisho, ahadi inaondoka naye, na aliyekuja nafasi yake ana haki ya kusema hajawahi kuona kitu. Chini ya barua andika nakala kwa Mtendaji wa Kata na kwa Mwenyekiti wa Mtaa husika, kisha kweli uwapelekee.

Zikipita siku 14 bila jibu, andika upya namba ya jambo hilo daftarini kwa kalamu nyekundu na upeleke barua ya kukumbushia yenye kumbukumbu ya ile ya kwanza. Ya tatu isainiwe na diwani mwenyewe. Ikipita hiyo pia, ndipo jambo linaingia kwenye vikao.

Vikao vina kalenda, na asiyeijua kalenda atachoka bure. Kamati ya Maendeleo ya Kata inaongozwa na diwani, katibu wake ni Mtendaji wa Kata, wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Vipaumbele vya mwaka ujao wa fedha vinatakiwa viwe vimetoka mitaani na kupitishwa na kamati hiyo kabla ya Desemba, maana mapema mwaka unaofuata baraza la madiwani linajadili bajeti. Ombi la darasa au choo cha shule linaloletwa Mei halina tena pa kuingia kwa Julai inayofuata. Mwananchi ataambiwa bajeti imepita, naye ataondoka akiamini amedanganywa, wakati kosa ni kwamba hakuna aliyemwambia Oktoba.

Mvua nazo zina kalenda. Masika huanza Machi, vuli Oktoba. Barua za mitaro zitoke Januari na tena Agosti, mhandisi akiwa bado na nafasi ya kupanga mitambo. Barua inayofika maji yakiwa yameshaingia vitandani inageuka ombi la dharura, na foleni ya dharura ina kata zote za wilaya.

Hakikisha kila jambo zito lina namba ya agenda kwenye muhtasari wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na muhtasari umesainiwa na mwenyekiti na katibu. Ahadi iliyotolewa kwenye mkutano wa hadhara bila muhtasari haina mtu wa kuibeba. Kila robo mwaka baraza linapokea taarifa za kata. Hapo daftari linakulipa, kwa kuwa diwani wako atasimama na kusema: robo hii tumepokea mambo kadhaa, haya yametatuliwa, haya yako TARURA tangu tarehe hii, nakala zenye muhuri hizi hapa. Wakuu wa idara wanajua kumtofautisha diwani anayelalamika na diwani mwenye tarehe. Maswali ya baraza yanawasilishwa kwa maandishi kabla ya kikao, na muda wake umo kwenye Kanuni za Kudumu za halmashauri yenu. Omba nakala ya kanuni hizo wiki hii hii.

Lingine litakalokuumiza kichwa ni fedha. Watu watakuja na nauli, dawa, sare za shule, msiba. Diwani hana mfuko. Mfuko wa Jimbo uliowekwa kwa sheria ya 2009 unaongozwa na mbunge. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni mikopo isiyo na riba ya vikundi, na njia yake inapita kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata. Kazi yako ni kumtambulisha mtu kwa afisa huyo, kumweleza kwamba kikundi kinahitaji katiba, usajili na akaunti ya benki, na kumwambia wazi kwamba huu ni mkopo. Kuna madiwani wanaowaacha watu waamini ni zawadi ya uchaguzi. Marejesho yakikwama, wanaoumia ni vikundi vinavyosubiri zamu.

Diwani akitaka kumsaidia mtu kutoka mfukoni mwake, ni hiari yake. Lisifanyike kwenye meza ya ofisi. Kesho benchi litakuwa la wanaotaka nauli peke yao, na yule mama aliyekuja na kalavati atarudi nyumbani bila kusikilizwa. Hili linaniuma kulisema, lakini mtu aliyekatishwa tamaa mara mbili haji mara ya tatu, na ukimya wake usiudhanie kuwa ni kuridhika. Mpigie. Mwambie hata kama hakuna jipya: barua ilipokelewa tarehe fulani, tumekumbushia tarehe fulani. Simu ya dakika moja. Mtu anavumilia kusubiri akijua yuko kwenye orodha.

Kuna mambo yasiyoingia kwenye lile daftari kubwa. Mtoto anayepigwa, mke anayefukuzwa, mgonjwa anayekueleza hali yake: hayo hayasomwi na kila anayeinamia meza. Weka daftari dogo la pili, lifungiwe kwenye droo, andika namba bila jina, na siku ile ile umpeleke mhusika kwa Afisa Ustawi wa Jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Hata lile kubwa lifunike mtu mwingine anapoketi mbele yako. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na namba ya simu ya mtu ni taarifa yake.

Kuhusu siku, mbili kwa wiki zinatosha, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana, zikibandikwa mlangoni na kwenye ofisi za mitaa yote. Kabla ya kuzichagua muulize Mtendaji wa Kata siku zake, maana jengo ni la kata na yeye ni mtumishi anayewajibika kwa Mkurugenzi. Muhuri wa kata ni wake. Usiuombe uwe nao mezani, hata akiwa ametoka kidogo.

Kurasa mbili za mwisho za daftari ziache kwa ajili ya simu za ofisi. Ziandike kwa cheo: meneja wa TARURA wa wilaya, msimamizi wa kanda ya maji, afisa afya wa kata, mkuu wa kituo cha polisi. Jina liweke pembeni kwa penseli, ili ufute uhamisho ukitokea.