Salfa, fegi na kikohozi kisichoisha

Maswali ya safari hii mengi yametoka mashambani na pwani, na karibu yote yanahusu sigara. Nimechagua matano.

"Daktari, shikamoo. Nina miaka 46, nakohoa tangu mwaka jana, hasa asubuhi. Mke wangu anasema ni sigara. Mimi naona ni salfa, maana kila mwaka napulizia mikorosho. Nani mkweli?" (Mkulima, Tandahimba)

Marahaba. Salfa ina lawama zake. Vumbi lake huwasha macho, koo na njia za hewa, na wapuliziaji wengi ninaowaona alfajiri, umande ukiwapo, wamejifunga kitambaa tu. Wengine hata hicho hawana. Ila salfa ina msimu. Mwaka jana ulipulizia, mikorosho ikachanua, korosho zikaokotwa zikaenda mnadani, na kikohozi kikabaki. Sigara ndiyo haina msimu. Moshi wake una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati ya hizo husababisha saratani. Ndani ya njia za hewa kuna vinyweleo vinavyosukuma makohozi na uchafu kwenda juu. Moshi huvidumaza, makohozi yanalala humo usiku kucha, na asubuhi unayatoa kwa kukohoa. Salfa ikiingia kwenye kifua cha namna hiyo inakuta mfagiaji hayupo. Kwa hiyo mke wako anaongoza, ingawa na wewe hujafungwa mabao mengi.

Lakini kabla ya ubishi huo: kikohozi cha wiki mbili na zaidi hupimwa TB, na hatari ya mvutaji kuugua TB ni karibu mara mbili ya asiyevuta. Nenda kituo cha afya ukatoe makohozi. Vipimo na dawa ni bure. Kama unakohoa damu, unakonda au unalowa jasho usiku, nenda kesho.

"Nilikuwa namaliza pakiti kwa siku. Sasa nanunua fegi moja moja, tatu tu. Si nimeshatoka hatarini?" (Bodaboda, Lindi mjini)

Hujatoka. Mapafu umeyapunguzia mzigo, moyo bado. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa Uingereza mwaka 2018 ulionyesha kwamba anayevuta sigara moja kwa siku anabeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo na kiharusi anayoibeba mvutaji wa sigara 20. Wengi hudhani ni sehemu moja ya ishirini. Moshi kidogo tu unatosha kuumiza kuta za mishipa na kufanya damu igande kirahisi.

Tena hivyo vya moja moja vinadanganya. Unasimama dirishani kwa Mangi, kiberiti cha gesi kinaning'inia kwenye kamba, unawasha, unaondoka, hujaona pesa ikitoka. Kama moja ni shilingi 200, tatu ni 600, kwa mwaka 219,000. Hapo una tairi jipya na chenji juu.

"Nina mimba ya miezi minne. Mimi sivuti, mume wangu anavuta chumbani. Akifungua dirisha inatosha?" (Masasi)

Haitoshi. Moshi wa mwenzio unaweza kuchangia mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Avutie nje, mbali na mlango, na kliniki ijayo mje wote nimwambie mwenyewe.

"Kila nikiacha, siku ya tatu arosto inanishinda. Nifanyeje?" (Mvuvi, Mikindani)

Siku ya pili na ya tatu ndizo kali kuliko zote, kwa hiyo umekuwa ukikata tamaa pale pale mteremko unapoanza. Hasira, kukosa usingizi na njaa hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne. Hamu yenyewe ikikushika hudumu dakika chache tu: kunywa maji, tafuna muwa, shika kazi ya mikono.

Kama mnavua dagaa kwa taa, anza siku za mwezi mpevu mnapopumzika. Ukianza chomboni usiku, wenzako wote wanawasha huku mkisubiri kuvuta nyavu, utarudi tu. Waambie wasikupe hata ukiomba. Bazoka na plasta za nikotini zipo na zinasaidia, ila si kila duka la dawa linaziweka, uliza. Ugoro usiuguse, huo unaleta saratani ya mdomo.

"Baba ana miaka 60. Anasema kuacha sasa ni kazi bure." (Binti, Newala)

Wazee wetu wanapenda sana sababu hii. Madaktari wa Uingereza walifuatiliwa kwa miaka 50, matokeo yakatolewa mwaka 2004: walioacha wakiwa na miaka 60 waliongeza wastani wa miaka mitatu ya kuishi kuliko walioendelea, na walioacha wakiwa na 50, miaka sita. Faida nyingine hazingoji hata hivyo. Dakika 20 tu baada ya sigara ya mwisho mapigo ya moyo huanza kushuka, na ndani ya mwaka mmoja hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo hupungua kwa karibu nusu. Msomee haya, na mkienda kituoni apimwe presha pia.